Gari la Mjerumani na Mwenye Gari wa Pili

Ukitangaza Nairobi kwamba unataka kununua gari la Mjerumani lililotumika, utapewa ushauri wa bure mpaka uchoke. Shemeji atakwambia ununue Toyota ulale usingizi. Jirani atakuhesabia watu watatu ambao magari yao yamelala gereji tangu Krismasi, nyasi zimeota kwenye magurudumu. Mlinzi wa ploti hatasema kitu, ila atatikisa kichwa kama mtu aliyeona mengi. Mimi niliwasikiliza wote, nikashukuru, nikanunua. Gari lilikuwa na miaka saba, rangi ya kijivu, na mlango unaofunga kwa sauti ile nzito ambayo, ukweli usemwe, ndiyo iliyoniuzia.

Ushauri ule una ukweli, lakini ni ukweli nusu. Unasema magari haya ni magumu kutunza, kana kwamba ugumu huo umo ndani ya chuma chenyewe. Nimekaa na gari hili mwaka mmoja na nusu sasa, na kwa kuwa napenda historia kuliko mpira, nimekuwa nikisoma yalikotoka magari haya huku langu likiwa juu ya jeki. Ninachokiona ni kwamba gari la Mjerumani halijawahi kuishi kwa ubora wake peke yake. Tangu siku ya kwanza limeishi kwa maarifa ya watu waliolizunguka. Kilichobadilika ni mahali maarifa hayo yanapowekwa, na nani ameshika ufunguo.

Tuanze mwanzo kabisa. Januari 1886 Karl Benz wa Mannheim aliandikisha hataza ya gari lake la magurudumu matatu. Lilikuwa gari la kuzunguka karibu na nyumbani. Watu walilitazama kama kioja. Agosti 1888, mkewe, Bertha Benz, alilitoa gari bila kumwambia mumewe, akawapakia wanawe wawili, Eugen na Richard, na kuelekea kwa mama yake Pforzheim, safari ya kilomita 100 hivi. Hakuna mtu aliyekuwa amesafiri umbali kama huo kwa gari la injini.

Watu wengi wakisimulia safari ile husimulia ujasiri wa mama huyo. Mimi ninachokipenda ni orodha ya matengenezo. Bomba la mafuta liliziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa moto ukachubuka, akaufunga kwa mkanda wa soksi. Mafuta yalipopungua, alisimama katika duka la dawa huko Wiesloch akanunua ligroini, kimiminika chepesi kilichouzwa kama dawa ya kuondoa madoa. Cheni ilimpa taabu, mhunzi akaishughulikia. Breki za mbao zilipoanza kulika, alimwendea fundi viatu azivalishe ngozi. Na aliporudi nyumbani alimwambia mumewe kwamba gari linahitaji gia nyingine ya kupandia vilima.

Hebu liangalie jambo hilo kwa macho ya Kenya. Mwuza dawa, mhunzi, fundi viatu, na dereva anayejua gari lake. Hakuna hata mmoja wao aliyesomea magari, kwa sababu magari yenyewe hayakuwapo. Safari ndefu ya kwanza ya gari la Mjerumani ilikuwa safari ya jua kali, na ilifika.

Miaka 57 baadaye, kisa kingine cha ukarabati kiliamua mambo. Mwaka 1945 kiwanda cha Volkswagen, katika mji ambao baadaye uliitwa Wolfsburg, kilikuwa kimepigwa mabomu na kuangukia mikononi mwa jeshi la Waingereza. Walimpeleka ofisa wa kikosi cha mafundi, Meja Ivan Hirst. Mwanzoni mahali pale palitumika kukarabati magari ya jeshi. Hirst akaona kwamba mashine nyingi bado zinafanya kazi, akaupa uongozi wa jeshi mfano wa lile gari dogo lenye mgongo wa kobe, na agizo la magari 20,000 likatoka. Januari 1948 kiwanda kilikabidhiwa Heinrich Nordhoff, Mjerumani aliyetoka Opel. Nordhoff alishikilia jambo moja ambalo wauza magari wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa: gari lisiuzwe mahali ambapo hakuna spea na hakuna fundi aliyefunzwa kulitengeneza.

Ndiyo maana Beetle ilipofika Afrika Mashariki haikufika peke yake. Ilifika na fundi wake na kabati lake la spea. Na ilikuwa gari la kueleweka. Injini ilikaa nyuma, ikapozwa kwa hewa. Haikuwa na rejeta ya kuchemka kwenye mteremko wa Mai Mahiu. Ilishikwa na bolti nne, na watu wawili wenye mgongo mzuri waliweza kuishusha. Mwenyewe alitakiwa kurekebisha nafasi ya valvu kila baada ya kilomita 5,000 hivi na kubadilisha mafuta, na kazi hizo angeweza kuzifanya uani Jumamosi asubuhi.

Mashindano ya Safari, yaliyoanza 1953 kwa jina la Coronation Safari, yalikuwa mtihani wa mambo haya mbele ya umma. Orodha ya washindi wa miaka ile inasomeka kama tangazo la Ujerumani: DKW 1956, Volkswagen 1957, Mercedes 1959, 1960 na 1961, kisha Volkswagen tena 1962. Lakini walioyashinda walikuwa watu wa hapa hapa, waliojua kufungua gari gizani, kwenye tope, huku dakika zinahesabiwa. Mwaka 1965 Joginder Singh, aliyekuwa fundi kabla hajajulikana kama dereva, alishinda pamoja na nduguye Jaswant wakitumia Volvo. Hiyo ni ya Uswidi, najua, lakini naitaja kwa sababu moja: lilikuwa gari lililokwisha kutumika na wengine. Mtumba uliingia mikononi mwa fundi, ukawashinda waliokuja na magari mapya.

Kisha likaja neno. Baada ya uhuru Kiswahili kilipata kabila jipya, Wabenzi, na neno hilo likasafiri mpaka kwenye vitabu vya Kiingereza. Tunalitumia kucheka wakubwa, na wanastahili. Lakini ukilitazama kama fundi, Mbenzi alikuwa mtu asiyeinua boneti. Gari lake lilikuwa na dereva, na dereva alikuwa na siku ya kulipeleka kwa mwuzaji rasmi, ambako fundi aliyevaa ovaroli safi alifungua kitabu cha kiwanda. Hapo maarifa yalianza kuhama. Yalitoka kwa mwenye gari na fundi wa barabarani, yakaingia ndani ya jengo lenye nembo mlangoni.

Kwa muda, uhamaji huo haukuumiza sana. Mercedes za dizeli za miaka ya 1970 na 1980, kama zile za W123 zilizogeuka teksi nusu ya dunia, zilipochoka na kuuzwa kwa mtu wa pili, wa tatu, hata wa sita, bado zilieleweka. Pampu yake ya dizeli ilikuwa ya chuma na springi. Fundi mwenye sikio angeweza kuisikiliza. Kirinyaga Road, ambayo wazee bado wanaiita Grogan, palijaa watu waliojua sauti hizo kama mama anavyojua kikohozi cha mtoto wake.

Mambo yaligeuka polepole, na waliogeuza hawakuwa na nia mbaya. Mwaka 1967 Bosch ya Stuttgart iliweka mfumo wa kielektroniki wa kupimia petroli ndani ya Volkswagen 1600 zilizokwenda Marekani. Mwaka 1978 Bosch hiyo hiyo na Mercedes walileta breki za ABS kwenye S-Class. Mwaka 1986 Bosch ikatangaza CAN, njia ya kuziwezesha kompyuta ndogo za gari kuzungumza zenyewe kwa zenyewe kupitia nyaya mbili tu. Kila hatua iliokoa kitu: petroli, maisha, uzito wa nyaya. Lakini gari lilianza kuwa na mazungumzo ya ndani, kwa lugha ambayo sikio la fundi halikuisikia. Ili usikie, ulihitaji mashine, na mashine ilikuwa ndani ya lile jengo lenye nembo.

Wakati huo huo, sisi huku tulifungua mlango. Kuanzia miaka ya 1990 Kenya ililegeza masharti ya kuagiza magari, na mtumba ukafurika Mombasa. Na hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hawalitafakari: gari la Mjerumani la Nairobi kwa kawaida halitoki Ujerumani. Sheria yetu inataka usukani upande wa kulia. Wajerumani wanaendesha na usukani wa kushoto. Kwa hiyo magari haya huja kutoka Uingereza, na zaidi kutoka Japani. Langu ni la Japani. Kitabu chake cha matengenezo kimejaa mihuri mizuri ambayo siwezi kuisoma, na redio yake ilikuwa haifiki stesheni nyingi za hapa, kwa kuwa masafa ya FM ya Japani huanza 76.

Tena kuna hesabu ya miaka. Japani gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili: mwaka wa tatu, wa tano, wa saba. Ukaguzi huo una gharama zake, na wengi huona heri kuuza. Kwetu Shirika la Viwango, KEBS, haliruhusu gari lililozidi miaka minane. Unganisha sheria hizo mbili utaelewa kwa nini yadi zetu zimejaa magari ya miaka saba. Na miaka saba ndiyo umri ambao mpira unaanza kukauka, plastiki iliyopikwa na joto la injini inaanza kupasuka, na mafuta ambayo hayajawahi kubadilishwa yanaanza kudai haki yake.

Nimesema mafuta ambayo hayajawahi kubadilishwa, na hapa ndipo nilipoelewa jambo kubwa kuliko yote. Katika vitabu vya magari mengi ya kisasa, mafuta ya giaboksi huandikwa kuwa ni ya maisha yote ya gari. Lakini ZF, kampuni ya Friedrichshafen inayotengeneza giaboksi za BMW nyingi, inashauri mafuta hayo yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000, au ndani ya miaka minane. Sasa, anayetengeneza giaboksi anasema badilisha, anayeuza gari anasema maisha yote. Ni maisha ya nani? Ukikaa na swali hilo utaona jibu: ni maisha ya mwenye gari wa kwanza. Yule wa Osaka au Birmingham, anayelikabidhi kabla halijafika huko. Hesabu ya kiwanda inaishia pale yetu inapoanza. Sisi ni wenye gari wa pili, na kitabu hakikuandikwa kwa ajili yetu.

Ukishajua hivyo, huhitaji kumchukia Mjerumani wala kumwogopa. Unahitaji kuandika kitabu chako. Kwangu ilikuwa hivi. Siku ya kwanza, kabla ya rimu mpya na kabla ya kumpa shemeji lifti, nilichukulia kwamba hakuna kilichofanywa. Mafuta ya injini yakamwagwa, yakawekwa mapya yenye namba ya idhini iliyoandikwa kwenye kitabu. Si unene peke yake, yaani zile 5W-30 na 5W-40 zinazotajwa dukani, ila ile namba ndogo nyuma ya chupa: 502 00 au 504 00 kwa Volkswagen, 229.5 kwa Mercedes nyingi, Longlife kwa BMW. Filta zote. Mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu na kutakiwa kubadilishwa kila miaka miwili. Maji ya rejeta, na hayo ni kulanti ya aina iliyotajwa, si maji ya bomba. Mafuta ya giaboksi. Plagi. Kisha fundi akasikiliza cheni ya taimingi injini ikiwa baridi, kwa sababu cheni iliyolegea huongea sekunde za kwanza asubuhi, halafu inanyamaza kama mtoto mwenye hatia.

Spea nilizipata kwa kutumia namba ya chasisi, zile herufi na tarakimu 17. Ukienda Grogan ukasema "nataka bushi za Mjerumani" utauziwa matumaini. Ukienda na namba ya spea yenyewe, mwenye duka anakutazama tofauti. Na utagundua siri isiyo siri: viwanda vya magari haviundi kila kitu. Lemförder huunda bushi na vifundo vya miguu, Sachs shoki, Mann na Mahle filta, Bosch karibu kila kitu chenye waya. Mara nyingi ni kile kile kifaa, boksi lingine, bei nyingine.

Lakini namba na boksi haziwezi kukufikisha mbali bila mtu. Mwezi wa tano taa ya njano ya injini iliwaka. Gereji moja yenye mapokezi mazuri na chai ya bure ilichomeka kompyuta, ikasoma P0171, ikaniandikia karatasi: sensa mbili na kazi, shilingi 46,000. Niliomba karatasi hiyo, nikasema nitarudi, nikaenda Industrial Area kwa mzee mmoja aliyeanza na kabureta, ambaye siku hizi anafanya kazi na msichana mwenye laptopu anayejifunza kwake.

"Mzee, kompyuta inasema sensa," nikamwambia.

"Haikusema hivyo, kijana wangu. Kompyuta imesema hewa ni nyingi kuliko petroli. Haikusema hiyo hewa inaingilia wapi. Hiyo imetuachia sisi."

Msichana akafungua data za injini ikiwa inanguruma, akasoma tarakimu kwa sauti. "Mzee, kwa sailensa inazidi. Nikikanyaga inarudi sawa."

"Basi kuna mahali inavuta hewa ya wizi."

Walitoa mashine yao ya moshi. Ni mkebe wa rangi uliotobolewa, ndani yake mafuta ya kupaka watoto na plagi ya joto iliyong'olewa kwenye injini ya dizeli. Ukiiunganisha na betri na kupuliza hewa kidogo, moshi mweupe unatoka. Wakauingiza kwenye njia ya hewa ya injini. Baada ya dakika mbili moshi ulichungulia chini ya kifuniko, kwenye mpira mmoja mdogo uliopasuka kwa umri. Mpira mpya ulikuwa shilingi 1,800. Sensa zangu mpaka leo ni zile zile zilizotoka kiwandani.

Nasimulia hili si kwa kumsifu mzee na kuidharau kompyuta. Bila laptopu ya yule msichana, mzee angekisia. Bila sikio na mkebe wa mzee, laptopu ingeniuzia sensa. Walichokuwa wakifanya ni kuyarudisha pamoja maarifa yaliyotenganishwa kwa miaka 50.

Na kazi hiyo haifanywi kwenye uwanja ulio sawa. Ulaya walikwisha kuona hatari ya kufungia maarifa ndani ya jengo lenye nembo: kanuni namba 715 ya mwaka 2007 ya Umoja wa Ulaya iliwalazimu watengenezaji kuwapa mafundi huru taarifa za ukarabati. Fundi wa Industrial Area hana kanuni inayomtaja. Wakati mwingine hana hata habari. Mwaka 2013 Volkswagen iliita magari takriban milioni 1.6 duniani ili mafuta ya sintetiki katika giaboksi za DSG za gia saba yabadilishwe, kwa sababu yangeweza kuleta hitilafu ya umeme. Barua za namna hiyo hutumwa kwa mwenye gari anayejulikana. Gari likishafutwa kwenye daftari la Japani na kupakiwa melini, barua haina pa kwenda. Haiji Ruaka. Anayekuja kuisoma badala yako ni fundi mwenye laptopu, usiku, kwa bando lake mwenyewe.

Ndiyo maana ule ushauri wa "usinunue" unanikera kidogo. Unamwacha fundi nje ya hesabu. Juni 2009, Waziri wa Fedha wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, alitangaza kwamba mawaziri watumie magari ya injini isiyozidi 1800 cc, na serikali ikanunua Volkswagen Passat. Desemba 2016 Volkswagen ikarudi kuunganisha magari Thika, ikianza na Polo Vivo, mji ambao Kombi ziliwahi kuunganishwa miaka ya 1970. Mara zote mbili mjadala ulikuwa juu ya gari: ni la bei gani, linakula petroli kiasi gani, linamfaa nani. Sikumbuki tukiulizana nani atalifungua likifika miaka kumi. Hilo ndilo swali la Nordhoff, na ndilo swali la mwenye gari wa pili.

Mimi nimejibu kwa kadiri yangu. Kwenye dashibodi, pale kilipokuwa kitabu cha mihuri ya Kijapani, nimeweka daftari la kurasa 96. Kila kilichobadilishwa kimeandikwa: tarehe, kilomita, namba ya spea, bei, na simu ya fundi. Mpira wa P0171 una ukurasa wake, na msichana wa laptopu aliuchora mahali ulipo kwa mshale. Siku moja nitaliuza, labda kwa mtu wa Kitale au Voi ambaye shemeji yake amemwambia asithubutu. Nitampa funguo mbili na daftari. Yeye atakuwa mwenye gari wa tatu, na hatahitaji kuanzia ukurasa wa kwanza.